Kidoti kwenye kioo cha monita: urudishe dukani, uchezeshe rangi, uminye, uende kwa fundi au ukiache tu?

Juzi nilikuwa nafunga hesabu za duka la shemeji, Excel imejaa namba mpaka macho yanawasha, nikafika mstari mmoja nikasoma 45.00. Nikashangaa, kitu gani siku hizi kinauzwa shilingi arobaini na tano, hata pipi huipati. Nikafuta ile nukta, haifutiki. Nikaandika upya, ipo. Nikalisogeza dirisha zima kulia ndo nikaona namba zimeondoka nukta imebaki pale pale peke yake, nyeusi, kama kijitobo cha sindano. Ilikuwa 4500, na ile nukta ilikuwa pikseli moja ya monita (kale kadoti kadogo kanakounda picha) iliyokufa.

Nikaanza kuulizia. Mmoja akasema minya na kidole gumba, mwingine akasema kuna programu ya rangi iwashe usiku kucha, wa tatu akasema rudisha ulikonunua, fundi akaniambia niletee nikubadilishie kioo, na shemeji mwenyewe akasema we si umeshajua kalipo, kaache. Baada ya kuhangaika nacho wiki mbili nimegundua wote watano walikuwa na point, ila kila mmoja alikuwa anaongelea monita yake na kidoti chake, sio changu. Ndo maana nimeona nizipange njia zote hapa, we uangalie inayoendana na hali yako.

Kwanza kidoti chenyewe ni cha aina gani

Hapa usiparuke, maana nusu ya jibu iko hapa. Kioo cha Full HD, ile 1920 kwa 1080, kina pikseli 2,073,600, na kila pikseli ina vijisehemu vitatu ndani yake, chekundu, kijani na bluu, kwa hiyo ni vijisehemu 6,220,800 na kila kimoja kina transista yake ya kukifungua na kukifunga. Kioo cha 4K kina pikseli 8,294,400, hiyo zidisha mwenyewe. Mi nikizifikiria hizo namba nashukuru imegoma moja tu.

Kuna cheusi, hicho hakiwaki kwenye rangi yoyote, umeme haukifikii, na watu wanakiita kimekufa. Kuna cha rangi, yaani kijisehemu kimoja kimeganda, unaona kadoti kekundu au ka kijani au ka bluu kanang'aa hata kwenye picha nyeusi. Na kuna cheupe, vyote vitatu vimegoma kuzima. Hicho cha rangi ndo chenye matumaini zaidi, kile cheusi matumaini ni madogo sana, sikudanganyi.

Aina ya kioo nayo inachangia, TN, IPS na VA ni teknolojia tatu za vioo vya LCD. Kioo cha TN, ambacho kimejaa kwenye monita za zamani za ofisini, kisipopata umeme kinapitisha mwanga, kwa hiyo transista ikifa kidoti kinabaki kinawaka. IPS na VA ni kinyume, kisipopata umeme kinaziba, unapata kidoti cheusi. Kwa hiyo kidoti kinachowaka kwenye TN kinaweza kuwa transista imekufa moja kwa moja, usije ukakaa nacho siku tatu unakichezeshea rangi ukadhani kimeganda tu.

Kucheki ni rahisi. Fungua Paint, tengeneza picha tano za rangi tupu, nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, zifungue moja moja zijaze skrini nzima. Kabla ya hapo futa kioo kwa kile kitambaa laini cha miwani, maana nina jamaa yangu alikuja analia pikseli imekufa, kumbe katone ka chai. Halafu piga screenshot (ile picha inayopigwa na kompyuta yenyewe, sio kamera), itume kwenye simu, ukikiona kidoti kwenye simu basi tatizo liko kwenye kompyuta, usipokiona ni kioo.

Na kitu kingine ambacho wengi hawakijui, hasa sisi tunaokaa huku kwenye joto na tunafanya kazi usiku madirisha wazi. Wakati mwingine sio pikseli, ni kadudu. Kuna vidudu vidogo sana vinafuata mwanga wa kioo vinaingia katikati ya matabaka. Ukiona kidoti kina ukungu, umbo lake halieleweki, au leo kiko hapa kesho kimesogea, tafadhali USIKIMINYE, ukikiua kitabaki hapo hapo maisha. Zima monita, washa taa ya pembeni karibu na ukingo wa kioo, kiache kijitokee chenyewe.

Nitapima kwa vigezo gani

Vitano tu, na vyote vitatumika kwa kila njia: pesa, muda, hatari ya kuharibu zaidi, uwezekano wa kupona, na njia yenyewe inamfaa nani. Sitatoa alama maana alama zangu na zako hazitafanana, aliyenunua monita mpya dukani kwa laki nane na aliyechukua ya mtumba Kariakoo kwa laki mbili na ishirini (ndo mimi huyo) hawawezi kuamua sawa.

Njia ya 1: Kuirudisha ulikonunua

Watu wanadhani ukiwa na kidoti kimoja na waranti mkononi umeshinda. Sio hivyo. Watengenezaji wana kiwango cha vidoti wanavyovihesabu kuwa ni kawaida, na msingi wake ni kiwango cha kimataifa cha ISO 13406-2 cha mwaka 2001, ambacho mwaka 2008 nafasi yake ikachukuliwa na mfululizo wa ISO 9241. Humo vioo vimepangwa madaraja. Daraja la kwanza halina kidoti hata kimoja. Daraja la pili, ambalo ndo monita nyingi za kawaida zinaangukia, linaruhusu kwa kila pikseli milioni moja vyeupe 2, vyeusi 2, na vijisehemu vya rangi 5. Sasa piga hesabu, Full HD ina pikseli milioni mbili na ushee, kwa hiyo monita yako inaweza kuwa na vyeupe vinne, vyeusi vinne na vya rangi kumi na bado kwenye karatasi ikahesabika nzima kabisa. Inauma lakini ndo hivyo.

Ila kampuni zinatofautiana na zingine ni nzuri kuliko kiwango. Dell kwa mfano wana utaratibu unaoitwa Premium Panel Exchange kwenye monita zao zinazohusika, ukiwa ndani ya waranti na kuna pikseli moja tu inayowaka muda wote wanakubadilishia. Angalia hapo, ni inayowaka, nyeusi zina hesabu yake. Na uliza kama utaratibu huo unatumika kwa monita iliyonunuliwa kwenye nchi uliyopo.

Pesa: mara nyingi ni nauli na bodaboda ya kubebea boksi. Ila kama uliagiza nje, gharama ya kuirudisha inaweza kukaribia bei ya monita yenyewe, na hapo njia hii inakufa.

Muda: siku moja kama muuzaji ana roho nzuri na ana nyingine stoo, wiki kadhaa kama inabidi ipelekwe kwa wakala. Wewe hapo huna monita.

Hatari: kioo hakiguswi kwa hiyo hakiharibiki, hatari ni kwamba unaweza kuletewa nyingine yenye kidoti pengine, au yenye mwanga unaovuja pembeni, ukatamani ile ya kwanza. Icheki hapo hapo kabla hujatoka mlangoni.

Kupona: wakikubali ni asilimia mia, hakuna njia nyingine hapa inayofikia.

Inamfaa: mwenye monita mpya, risiti ya EFD, kadi ya waranti imegongwa muhuri, na boksi lake bado lipo. Kwenye risiti nyingi za mjini kuna yale maneno "mali ikishauzwa hairudishwi", usikate tamaa ukiyaona, maduka mengi ukienda siku ya pili au ya tatu na ukaongea kistaarabu wanakusikiliza, hasa ukianza na "samahani kaka nimekuja unisaidie" badala ya kuanza na kelele. Yakishindikana kabisa Tanzania kuna Tume ya Ushindani na ile sheria ya ushindani ya mwaka 2003 yenye sehemu za kumlinda mlaji, na Kenya kuna sheria ya kumlinda mlaji ya 2012, japo kwa kidoti kimoja mi nisingefika huko.

Walio Uingereza au nchi za Umoja wa Ulaya wao wana bahati, wakinunua kwenye duka la mtandaoni wana siku 14 za kuirudisha bila hata kueleza sababu. Kwa hiyo kama dada yako anakununulia monita Leicester akuletee Desemba, mwambie aifungue kule kule, aiwashe, aonyeshe zile rangi tano, ndo aifunge kwenye mzigo. Ikishafika Dar na kidoti chake, hizo siku 14 utazisikia tu.

Njia ya 2: Programu ya kuchezesha rangi

Wazo lenyewe ni kwamba ndani ya kioo cha LCD kuna vimiminika vya fuwele vinavyojigeuza vikipata umeme, na kijisehemu kilichoganda ukikibadilishia rangi harakaharaka kwa muda kinaweza kulegea kikarudi kazini. Maarufu ni JScreenFix, inafunguka kwenye brauza bure, unapata kamraba kanachochezacheza unakaburuta hadi juu ya kidoti, wenyewe wanasema kakae angalau dakika 10. Kwa wa Windows ambao bando ni shida kuna UDPixel, unaishusha mara moja halafu inafanya kazi bila intaneti.

Pesa: hakuna. Umeme? Monita ya inchi 24 inakula kama wati 25, ukiiacha saa sita ni uniti 0.15 za Luku, haifiki hata sehemu moja ya tano ya uniti.

Muda: dakika kumi hadi usiku mzima. Mi naanza na nusu saa, nacheki kwenye picha nyeusi, halafu naacha usiku. Baada ya siku tatu kama hakuna mabadiliko naacha, kuna watu wanaendelea mwezi mzima hiyo sasa ni imani.

Hatari: kwa kioo ni ndogo. Kwa binadamu ipo, yale mamweko yanaweza kumwamshia kifafa mtu mwenye ugonjwa huo, kwa hiyo geuza monita iangalie ukuta au funika na kanga, na usiiache sebuleni watoto wanapita. Na hakikisha kompyuta haijiweki kulala, vinginevyo utaamka asubuhi unakuta ilizima dakika tano baada ya wewe kupanda kitandani, nshafanya hivyo.

Kupona: inategemea kabisa aina. Cha rangi kinaweza kupona, mi nimejaribu kwenye vioo vitatu tofauti kimoja kikakubali, ka kijani kwenye laptopu ya mdogo wangu kalipotea ndani ya saa moja na hakajarudi. Cheupe mara chache. Cheusi, ambacho ndo changu, usiku wa kwanza sikuona kitu, wa pili sikuona kitu, wa tatu nikalala tu. Na kuna vinavyopona vikarudi baada ya wiki, navyo ujiandae.

Inamfaa: kila mtu mwenye kidoti cha rangi, hata mwenye waranti, maana haiachi alama yoyote. Kama una haraka ya kurudisha dukani usiipe zaidi ya siku moja.

Njia ya 3: Kuminya

Hii ndo inayopendwa mtaani na ndo inayoniogopesha. Wanavyofanya ni hivi: unazima monita, unachukua kitambaa laini chenye unyevu kidogo, unakikunja, unaweka juu ya kidoti kwa kutumia kitu butu kama kitako cha penseli, unaminya taratibu sekunde tano hadi kumi, unawasha ukiwa bado umeminya, unaachia. Lengo ni kusogeza kile kimiminika kijipange upya.

Pesa: bure kabisa. Muda dakika mbili. Kwa vigezo hivyo viwili inazishinda zote, ndo maana watu wanaikimbilia.

Hatari: hapa sasa. Ukiminya kidogo zaidi unapata doa jeupe la kudumu ukubwa wa punje ya mchele, au pikseli za jirani zinafuata mwenzao, au unakwangua lile tabaka la juu linalozuia mwako. Laptopu ndo mbaya zaidi, kioo chake ni chembamba na nyuma hakuna kitu cha kukishikilia. Na waranti inakwisha hapo hapo, wakala akiona alama ya kuminywa anaandika umeharibu mwenyewe, hata kidoti kilichokuwepo mwanzo hakihesabiki tena.

Kupona: kupo, kwa kidoti kilichoganda, ila ni bahati nasibu na mara nyingi kinarudi. Cheusi cha transista iliyokufa hata uminye na mpini wa jembe hakiamki. Na kama kioo chako ni cha OLED sahau, humo hakuna kimiminika cha kusogeza, kila pikseli inatoa mwanga wake yenyewe, unaminya nini?

Inamfaa: mwenye monita ya zamani ambayo hata ikifa kesho hatalia, waranti hakuna, programu ya rangi imeshashindwa, na kidoti kinamkera kweli kweli. Huyo ajaribu, mkono mwepesi. Wengine wote waanze na ile ya pili.

Njia ya 4: Fundi abadilishe kioo

Tutenganishe monita ya mezani na laptopu maana ni habari mbili tofauti kabisa.

Pesa: kwenye monita ya mezani paneli, yaani kioo chenyewe, ndo sehemu kubwa ya bei ya kitu chote, vilivyobaki ni plastiki, saketi na stendi. Fundi niliyemwendea aliniambia ukweli nikampenda, akasema kioo tu kitanifikia karibu na bei niliyonunulia monita nzima, na cha kwake pia ni cha kutoa kwenye monita nyingine iliyokufa saketi, nacho hajui kina vidoti vingapi. Kwa laptopu hesabu inabadilika, kioo ni sehemu ndogo ya bei ya mashine, vioo vya inchi 15.6 vinapatikana kwa wingi, na fundi anayejua kazi anakibadilisha mbele yako.

Muda: laptopu saa moja kama kioo kipo dukani. Monita ya mezani siku kadhaa mpaka ipatikane inayofanana.

Hatari: kuuziwa kioo cha daraja la chini badala ya kile chako. Hii inatokea sana na mteja hagundui, laptopu ilikuwa na IPS inarudi na TN, unaangalia kwa pembeni rangi zinageuka kama negativu ya picha. Dawa yake ni namba. Nyuma ya kila paneli kuna stika yenye namba, zinaanza na vitu kama B156, LP156, N156 au NV156, mwambie fundi afungue, piga picha hiyo namba, halafu kioo kinachokuja kifanane nayo au muelewane kabla kinatofautiana nini. Angalia na kiunganishi, vile vya pini 30 na pini 40 haviingiliani. Na kabla hujalipa toa flashi yako yenye zile picha tano, kiwashe, kiangalie chote.

Kupona: kidoti kinaondoka, maana kioo chenyewe kimeondoka.

Inamfaa: mwenye laptopu nzuri iliyobaki na miaka ya kuishi, hasa kama kioo kina na shida zingine juu ya kidoti, mistari, ufa, doa. Kwa monita ya mezani yenye kidoti kimoja, kwa kweli sioni nani, labda awe nayo kubwa ya bei mbaya na amepata paneli yake kutoka iliyovunjika nyuma.

Njia ya 5: Kukiacha

Kuna watu wanaiona hii kama kushindwa, lakini tuipime kama wenzake.

Pesa sifuri, muda sifuri, hatari sifuri. Kupona pia sifuri, ingawa kuna vidoti vya rangi vinavyoondoka vyenyewe baada ya wiki au miezi, hapo huna mkono.

Ila kukiacha kuna ufundi wake. Kwenye monita ya inchi 24 ya Full HD pikseli moja ina upana wa milimita 0.27, ukikaa mbali kiasi cha mkono ulionyooka unakiona kwa sababu tu unajua kalipo. Kwa hiyo kazi ni kukinyima nafasi ya kuonekana. Kidoti cheusi kinaonekana kwenye kitu cheupe, basi weka modi ya giza kwenye brauza na Word, kinazama. Kinachowaka ni kinyume chake, kinakukera kwenye giza na filamu za usiku, basi tumia mandhari meupe. Watu wengi wanafanya kinyume bila kujua, wana kidoti cheusi na kila kitu chao ni cheupe, halafu wanalalamika. Kama kiko chini karibu na ukingo, ule mstari wa chini wenye saa unaweza kukifunika. Kama una monita mbili, ile yenye kidoti iwe ya pembeni, ya WhatsApp na muziki.

Inamfaa: mtu wa kuandika, kuangalia mpira, kusoma, kidoti kikiwa pembeni. Haimfai sana mtu wa kuhariri picha, atakipaka rangi mteja usoni akidhani ni kipele, na haimfai mtu wa namba, ushahidi ni mimi na 45.00 yangu.

Sasa we uko wapi?

Kama monita ni mpya na hujamaliza hata wiki, usiguse kioo, usiminye, usimpe fundi. Piga picha kidoti kwa simu kikiwa kwenye rangi inayokionyesha vizuri, beba risiti na boksi, nenda leo au kesho asubuhi. Ile programu ya rangi unaweza kuiwasha usiku huu huu ukisubiri kukuche.

Kama ina miezi na waranti bado hai, soma kwanza sera ya vidoti ya kampuni yako kabla hujabeba boksi, hesabu vya kwako, cheusi vingapi na vinavyowaka vingapi. Kikiwa kimoja cheusi pembeni, uwezekano mkubwa watakurudisha nacho nyumbani.

Kama ni mtumba na kidoti ni cha rangi, siku tatu za kuchezesha rangi, basi. Ikigoma na inakukera kupita kiasi ndo uamue mwenyewe habari ya kuminya, mimi sipo hapo.

Kama ni mtumba na kidoti ni cheusi, njia ni kukiacha au kuiuza. Ukiiuza mwambie mnunuzi, mwonyeshe, punguza bei kidogo, atachukua, maana ataigundua tu na namba yako anayo.

Kama ni laptopu ya kazi na kidoti kiko katikati, kusanya hela taratibu uende kwa fundi na ile picha ya namba ya paneli, mpaka hapo tumia modi ya giza au meupe kulingana na ugonjwa wake.

Na kama hujanunua bado, we ndo mwenye raha kuliko wote hapa. Weka zile picha tano kwenye flashi, muombe muuzaji akuwashie kabla ya bei haijaongelewa. Kariakoo mwanga wa jua unaingia mpaka ndani ya duka, hutaona kitu kwenye picha nyeusi, sasa chukua boksi tupu la hiyo hiyo monita uliweke juu kama paa, ingiza kichwa. Watakucheka kidogo. Mi yangu sikufanya hivyo nikiogopa kuchekwa, na sasa hivi safu ya D kwenye Excel nimeipanua sentimita moja ili ile nukta iangukie kwenye nafasi tupu.